Mashine Haimezi Jina

Waliokuwepo Jumamosi ile ya kwanza katika salon, yaani sebule, ya Anti Nalani, namba 108, ghorofa ya chini, Adelphi, huku Amerika, ni hawa. Anti Nalani mwenyewe, mjane, mzaliwa wa visiwa vya Hawaii, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Binti yangu Furaha, aliyekuwa akimhudumia asubuhi na jioni, kumwogesha na kumpa dawa. Neema, binti wa Furaha, miaka kumi na minne, mkalimani wetu sote. Nyota, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuja kutoka Sterling. Mumewe Elia, shemasi. Na mimi, ambaye wajukuu huniita Koko. Watu sita. Wavulana wa Furaha, Safari na Daniel, walikuwa juu kwetu, namba 308, wakitazama katuni, kwa hiyo siwahesabu. Kulikuwa na wa saba ambaye hakuwepo, na ni kwa ajili yake tulikaa. Jina lake Riziki, mtoto wa Nyota. Wakati huo alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ana miaka kumi na mitatu.

Anti Nalani tumemzika mwezi uliopita, ndiyo maana nimekaa na daftari. Baada ya ibada wapwa zake waliotoka Hawaii walisimama mlangoni, wakawa wanamvisha kila mtu shada la maua shingoni na kumuuliza alikuwa nani kwa marehemu. Furaha akasema alikuwa mhudumu wake. Nyota akasema jirani, ingawa kutoka Sterling hadi Adelphi ni saa nzima barabara ikiwa nzuri. Zamu yangu ilipofika nilibaki mdomo wazi kama samaki. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini jina la mtu halinipotei. Naweza kukutajia wote waliokuwa kwenye basi lililotutoa kambini, kiti kwa kiti, na nani alitapika wapi. Lakini kusema yule mzee alikuwa nani kwangu, lazima nisimulie mwaka mzima, na mwaka wenyewe unanitia kinyaa. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Amerika. Nilikuwa na miaka sitini na miwili, nikijiona mtu mzima ambaye hakuna tena wa kumfundisha kitu.

Nyumba yetu ilinuka. Watu wakisimulia Amerika husimulia theluji. Mimi nakumbuka zulia. Lilikuwa la rangi ya uji wa mtama, na lilikuwa limekunywa mikojo ya mbwa wa wapangaji waliotutangulia. Joto lilipowashwa, mbwa yule ambaye hatukuwahi kumwona alirudi nyumbani. Furaha akamwaga siki, akamwaga sabuni, akamwaga maji ya ndimu, tukaishia kuwa na mbwa aliyeoga ndimu. Nyuma ya frigo kulikuwa na mende wadogo. Si kama wa kwetu, wale wakubwa ambao angalau wana adabu ya kukimbia. Hawa walikaa wakakutazama. Mara mbili niliwakuta ndani ya sukari, mara moja ndani ya kiatu cha Daniel, na mara moja mmoja aliiva pamoja na maharage na nikamtoa kwa kijiko bila kumwambia mtu. Haya, na hilo pia nimekiri. Kwenye mlango wa frigo hiyo hiyo Furaha akabandika karatasi yenye maneno manne.

Furaha alikuwa na zamu nyingine kwenye nyumba ya wazee, na huko waliletewa mwalimu wa kuwafundisha wafanyakazi kupunguza mawazo. Mwalimu akawaambia kuna dawa ya kale ya msamaha kutoka Hawaii, inaitwa hooponopono, na dawa yote iko katika maneno manne: Samahani. Tafadhali nisamehe. Asante. Nakupenda. Huhitaji kumwona uliyemkosea wala kumwambia kitu. Unajisemea moyoni, tena na tena, mpaka moyo usafike. Furaha alirudi nayo kama aliyeokota mana. Wiki mbili hazikupita, ukoo mzima ukawa unayasema. Nakumbuka Jumapili moja Elia ameketi mezani kwetu, akainua kijiko cha wali akakigeuza, ukaanguka donge zima. "Wali gani huu, Nyota? Umepikia watu au unataka kuziba ukuta?" Nyota akatazama sahani yake. Elia akaona tumenyamaza, akafumba macho, akayasema yale manne haraka kama anayesoma namba ya simu, kisha akavuta paja la kuku. "Basi, yameisha," akasema. "Mmeona? Hata dakika haifiki." Nilimtazama anavyolamba mafuta kwenye vidole, uso umetulia kama wa mtoto aliyebatizwa, nikasukuma sahani yangu pembeni.

Ni rahisi kumsema shemeji. Mimi nilikuwa najifungia bafuni, nafungua bomba ili wasinisikie, na namtajia Riziki yale manne mbele ya kioo chenye madoa ya dawa ya meno. Nikitoka, nimepoa. Nakula, nalala, naota ndoto nzuri. Hicho ndicho kinachonitapisha mpaka leo, kwamba maneno yale yalifanya kazi.

Nilichomkosea Riziki ni hiki. Nyota na Elia walitangulia kusafiri miaka miwili kabla yetu. Siku ya kupigwa picha za safari, Riziki alikuwa amelazwa na kifua, wakaambiwa mtoto atafuata katika dosiye langu, yaani faili la safari. Nyota aliushika mkono wa mtoto akauweka ndani ya wangu. "Yaya," akasema, yaani dada mkubwa, "huyu ni wako mpaka mtakapofika." Siku yangu ya kuhojiwa niliingia na Neema ili anisomee karatasi. Afisa akauliza majina ya wote wanaolala nyumbani kwangu. Nikataja: mimi, Furaha, Neema, Safari, Daniel. Akauliza, "Kuna mwingine?" Sasa, jirani yetu Mama Ebuela alikuwa amekwama mwaka wa tatu kwa sababu alimwongeza mtoto wa kaka yake kwenye orodha. Dosiye lilirudishwa nyuma likaguliwe upya, likakaa huko. Nikamwona Mama Ebuela vile anavyoketi mlangoni, masanduku yamefungwa kamba, vumbi juu. Nikasema, "Hapana. Ni hao tu." Nje Furaha aliponiuliza, nikasema nimetaja wote. Jina la Riziki lilipokosekana kwenye tangazo la kuondoka, nikasema mashine imelimeza. Kambini kila mtu alijua komputa hula majina, hakuna aliyeshangaa. Tukamwacha Riziki kwa Mama Ebuela, tukapanda basi. Na Nyota, huku Sterling, kila mwezi anawaandikia watu wa ofisi ya wakimbizi wamtafutie jina lililopotea, nao kila mwezi wanamjibu kwamba wanatafuta. Walitafuta kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa. Maadamu mimi nimenyamaza, wangetafuta mpaka mtoto azeeke.

Anti Nalani alikuwa na miaka themanini na kitu, mwili mkubwa, miguu imevimba, sauti kama ya mwanaume anayeita ng'ambo ya mto. Furaha alinipeleka nikae naye wakati yeye anafua. Hatukuwa na lugha, tulikuwa na magimbi. Nilipomletea ya kwanza kutoka duka la University Boulevard, aliyakumbatia akalia. Kwao huyachemsha, huyaponda mpaka yawe ugali wa kijivu, kisha huuacha uchachuke. Alinilambisha kwa kidole. Nilifikiria gundi ya mabango ya uchaguzi, lakini nikameza, mgeni ni mgeni. Siku moja tunamenya pamoja, Neema akarudi kutoka shuleni, akamwambia kwa furaha kwamba hata sisi siku hizi tunafanya mambo ya kwao. Akayataja yale manne. Anti Nalani alikunja uso kama aliyetafuna karanga iliyooza.

"Anauliza yanasemwa kwa nani," Neema akaniambia.

"Mwambie kwa moyo wako."

"Anauliza, na aliyekosewa anakuwa wapi?"

"Popote. Si lazima ajue."

Mzee akaweka kisu chini, akasema jambo refu. Neema alianza kucheka, halafu akaacha. "Koko, anasema hiyo ni kujipaka manukato bila kuoga." Nikacheka mimi sasa, nikimkumbuka mbwa wetu wa ndimu. Anti Nalani hakucheka. Alieleza kwamba kwao neno lile maana yake ni kuweka sawa, kunyoosha kilichopinda. Bibi yake aliwakalisha chini wote mara kwa mara, hata kwa mambo madogo: nani kachukua kitana, nani kamwita mwenzake mvivu. Mnaanza kwa sala. Anakuwepo mkubwa mmoja anayeshika kikao, na kila mtu anasema na yeye tu, hakuna kumgeukia mwenzako. Kosa linatajwa kwa jina lake. Hasira ikipanda, mkubwa anainua mkono, watu wananyamaza mpaka ishuke. Aliyekosa anaomba kufunguliwa, aliyekosewa anamfungua. Ndipo mnakula pamoja, na jambo hilo halitajwi tena. Likikataa kwisha, hakuna kula. Mnarudi siku nyingine. Nilisikiliza huku mikono inaniwasha, maana magimbi mabichi huwasha, na Neema alitafsiri yote bila kunitazama usoni hata mara moja.

Jumapili iliyofuata, mezani, tukafungua ujumbe wa Riziki. Ulikuja kila mwezi, na kila mwezi ulikuwa uleule. "Shikamoo Koko. Ni mimi Riziki. Huku mvua nyingi. Mama Ebuela anawasalimu wote. Koko, mashine imesharudisha jina langu?" Nyota alijifunika uso kwa kitenge. Elia aliilaani mashine na walioitengeneza. Furaha akainuka: "Jamani, tusilie. Tuyaseme yale manne, tumtumie mtoto upendo." Basi tukasimama, watu wazima na akili zetu, tumeshikana mikono, tumeielekea frigo. Mende mmoja akatoka ubavuni, akapita taratibu juu ya neno Nakupenda. Tukaendelea. Neema akauchomoa mkono wake kutoka wangu, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye hafanyi upuuzi huu. Halafu akasema kwa Kiswahili, ambacho tulikuwa hatujakisikia kinywani mwake kwa miezi kadhaa nje ya kutafsiri: "Koko anajua."

"Anajua nini?" Nyota akauliza.

"Mwulizeni mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mtoto huyu ana njaa, mpakulieni." Na wakampakulia. Neema hakugusa sahani, akashuka kwa Anti Nalani akakaa huko mpaka magharibi.

Kesho yake niliitwa kwa Anti Nalani. Neema alisimama karibu na dirisha. "Anasema, Koko, lete watu wako Jumamosi. Anasema yeye hatakusemea. Anasema kama huji, usimletee tena magimbi." Nikamuuliza Neema, "Umemwambia nini?" Akajibu, "Nothing, Koko. Nimemwambia nimechoka." Siku tano niliogopa. Nilimwogopa Nyota. Niliogopa serikali, kwamba itanirudisha kwa kuongopa mbele ya afisa, mimi na Furaha na watoto. Nikifungua bomba bafuni yale manne yakawa hayatoki, au yanatoka yana ladha ya kutu.

Jumamosi Anti Nalani alikusanya simu zote ndani ya sufuria akaweka kifuniko. Kwenye meza kulikuwa na samaki, wali, ule ugali wake wa kijivu, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, niliyoipika mimi. Elia hakutaka kukaa. "Haya ni mambo ya waganga, mimi ni shemasi." Anti Nalani akainamisha kichwa, akaomba kwa lugha yao, ndefu, laini, na katikati tukasikia "Iesu", na tena "Iesu". Elia akatazama huku na huku, akakaa. Mzee akaniangalia. Nikamwambia yeye, si Nyota, ndiyo sheria: "Mashine haikumeza jina. Waliniuliza kama kuna mwingine, nikasema hakuna. Riziki sikumtaja." Wote walielewa papo hapo, lakini Neema alilazimika kumtafsiria mzee, kwa hiyo kosa langu lilisemwa mara mbili, la pili kwa sauti ya mtoto aliyekuwepo nilipolifanya.

Nilidhani Nyota atapiga kelele. Alisema polepole. "Anti, muulize huyu mwanamke, siku ile aliporudi kutoka kuhojiwa, jioni walikula nini." Hakuniita Yaya.

"Ugali na dagaa," nikajibu.

"Muulize, mwanangu naye alikula?"

"Alikula. Nilimpakulia mimi."

Nyota akainuka, akaenda kwenye sinki ya Anti Nalani, akatapika. Furaha alitaka kumfuata, mzee akainua mkono. Tulisikia maji yanateremka, tukasikia frigo inanguruma, na harufu ikatufikia pale tulipokaa, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuziba pua. Nyota aliporudi alijifuta mdomo, akasema, "Anti, mwambie ataje majina kama alivyotakiwa kuyataja." Nikataja. Mimi, Furaha, Neema, Safari, Daniel, Riziki. Nikasema nimekosa, naomba anifungue. Mzee akamuuliza Nyota kama ananifungua. Nyota akasema, "Hapana." Anti Nalani akaitikia kwa kichwa, akavuta sufuria moja moja akazifunika. Hakuna kula. Elia alimtazama yule samaki kama anayeaga maiti.

Tulirudi Jumamosi ya pili. Siku hiyo wengine nao walitaja yao, maana uzi mmoja ukivutwa mengine hufuata. Yao siyataji hapa, yalifungwa. Yangu ni yangu, nina ruhusa nayo. Chakula kilifunikwa tena. Wiki zote hizo Nyota hakula kitu kilichopita mkononi mwangu, hata chai alijimiminia mwenyewe baada ya kuosha kikombe ambacho nilikuwa nimeshakiosha. Alinionea kinyaa. Mimi nilimwelewa, nilikuwa namsaidia kujionea kinyaa. Jumamosi ya tatu, Anti Nalani alipouliza, nilihesabu maua yote ya pazia kabla Nyota hajajibu. Kisha akasema, "Namfungua. Si kwa sababu yake. Nataka kumtafuta mwanangu nikiwa na mikono miwili." Sala ikafungwa, vifuniko vikatolewa. Nyota akachota sombe yangu, akaipeleka mdomoni, akaimeza kama mtu anavyomeza kwinini. Sote tulimtazama koo. Akasema, "Chumvi imezidi." Akachota tena.

Jumatatu Nyota alinipeleka kwa mwanasheria wa kujitolea, mama mmoja Mkenya, nikaeleza upya, akaandika, nikatia sahihi yangu ya herufi kubwa. Hakuna aliyenirudisha popote. Safari hii karatasi zilisafiri kwa njia inayofika, ingawa zilichukua miaka minne, na kila mwaka katika ile minne ni mimi niliyemlia Riziki. Karatasi ya frigo Furaha aliibandua, ikaacha gundi inayokusanya uchafu mpaka leo. Badala yake tukawa tunakaa Jumamosi, na tunakaa hata sasa. Msidhani ni jambo la kupendeza. Ni karaha kumsikia mtu mzima akitaja kwamba alimaliza maziwa akarudisha pakiti tupu, na Elia akieleza neno kwa neno alichosema kuhusu wali. Ukitaja kosa kwa jina lake linanuka kuliko lilivyonuka mwanzo. Ila linatoka nje. Lile zulia la 308 hatimaye tuliling'oa, na siku ya kuling'oa ndiyo siku iliyonuka kupita zote.

Riziki alitua uwanja wa ndege wa Dulles akiwa na miaka kumi na saba, mrefu kuliko mama yake. Nilikuwa nimejiapiza nimwambie kabla hajala kitu chochote chetu. Tukiwa bado tunasubiri sanduku lake, nikamshika mkono. "Riziki, mashine haikumeza jina. Ni mimi."

"Najua, Koko. Neema aliniambia asubuhi ile ya basi."

"Sasa kila mwezi ulikuwa unaniuliza nini?"

"Nilikuwa nakusubiri," akasema, na sanduku lake likapita mbele yetu, tukaliacha lizunguke tena.

Hakunikumbatia. Siku tatu baadaye tulikaa salon ya Anti Nalani, sisi wawili na mzee, na yaliyosemwa pale ni ya Riziki. Naweza kusema tu kwamba sufuria zilifunikwa, na baada ya muda mrefu zikafunuliwa. Mwezi uliopita, tukitoka kaburini na maua shingoni, ni yeye aliyeniambia, "Andika, Koko. Lile la Nyota lilifungwa, lakini langu mimi nakuruhusu. Andika na majina." Basi hawa wapwa wa Hawaii nawajibu sasa: alikuwa yule aliyefunika sufuria.

Neema anapiga chapa haya na anasema nimezidisha mende. Inawezekana. Wenye kukumbuka zaidi, wa kambini na wa Adelphi, naomba mnisahihishe: kama mlango haukuwa 108, kama Elia hakusema hivyo kuhusu wali, kama dagaa wale walikuwa wabichi au wakavu. Lakini zaidi ya yote tazameni majina, na kama kuna niliyemwacha, msingoje niulizwe mara ya pili. Nyumbani kwangu tulilala sita: mimi, Furaha, Neema, Safari, Daniel, na Riziki.